UZI: Mashine za kusikia na vitoa sauti vya kutuliza mlio masikioni. Sauti iwe kiasi gani, na nani asivae kwanza?

FundiMoldi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Haipiti wiki humu bila mtu kulalamika kwamba masikio yake yanapiga kelele usiku kucha, na majibu ni yale yale: nunua mashine, pakua programu ya sauti ya mvua, vaa, lala. Sibishani na ushauri wenyewe. Ninachoshangaa ni kwamba hakuna anayetaja sauti iwekwe kiasi gani, na hapo ndipo kifaa kinapoamua kukusaidia au kukuumiza. Kazi yangu ni kupima usikivu na kufunga mashine za masikio, kwa hiyo leo naandika kirefu. Vuta kiti.

Kwanza, mlio unatoka wapi. Ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani chenye umbo la konokono, kuna chembe zenye vinyweleo, takribani 15,000 kwa kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Zikishauawa na kelele, umri au baadhi ya dawa, kwa binadamu haziwezi kuota tena. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo ukikosa taarifa kutoka eneo lile, unajiongezea usikivu wenyewe, na mlio unazaliwa humo. Ndiyo maana mtu mwenye mlio mwembamba wa "niiiii" mara nyingi ukimpima unakuta odiogramu yake, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu, inaporomoka kwenye sauti nyembamba, za hezi 4,000 kwenda juu, hata kama ameapa kwamba anasikia vizuri tu.

Mashine ya kusikia inarudisha zile sauti ambazo ubongo ulikuwa unazikosa. Kitoa sauti kinaleta mvumo wa chinichini, "shhhh" au mawimbi, ili mlio usibaki peke yake kwenye ukimya. Mashine nyingi za sasa zinabeba vyote viwili na unaziendesha kwa simu. Basi mtu akishaona kile kitelezi cha sauti, mkono unamuwasha. Anakipandisha mpaka mlio upotee.

Msifanye hivyo. Mvumo ukae chini ya mlio, kiasi kwamba ukitega sikio bado unausikia mlio wako. Pawel Jastreboff, aliyechapisha nadharia yake ya mlio mwaka 1990, alijenga tiba nzima juu ya hoja hiyo: ubongo hauwezi kuzoea kitu ambacho umefichwa. Ukiuzamisha mlio mchana kutwa, usiku ukivua mashine unaukuta mgeni vilevile kama siku ya kwanza.

Sababu ya pili ni hesabu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani, kwa watu wanaosikiliza kwa vifaa binafsi, linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto. Sasa chukua mtu anayevaa mashine tangu anaamka mpaka analala, saa 16. Kwa wiki hizo ni saa 112. Ukipiga hesabu kwa kanuni ile ile ya kukata nusu, zile 80 zinashuka hadi kama 75. Hicho ni kikomo, maana yake ni mahali pa kutofika. Na bado hujahesabu kelele nyingine zote za siku. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Mvumo wako haupaswi kuyashinda.

Muulize aliyekufungia: kitoa sauti hiki kikiwa juu kabisa kinafika desibeli ngapi sikioni mwangu, na hapo niruhusiwe saa ngapi kwa siku? Anayeijua kazi anakujibu kwa tarakimu. Anaweza pia kukuwekea kikomo ili kitelezi kisipite hapo hata ukikisukuma kwa hasira saa nane ya usiku.

Namna ya kuweka mwenyewe ni hivi. Kaa chumba kimya, mvumo uwe sifuri. Pandisha hatua moja, tulia kidogo, pandisha tena. Kuna mahali utausikia mvumo kwa mara ya kwanza. Endelea taratibu. Mbele kidogo mlio na mvumo vinaanza kuingiliana, ukali wa mlio unalegea, unashindwa kusema kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Simama hapo, rudi hatua moja chini. Kila sikio liwekewe lake, kwa sababu mara nyingi hayalingani. Halafu mwombe mtu aseme nawe kwa sauti ya kawaida kutoka upande wa pili wa chumba. Ukikosa maneno, bado uko juu.

Ukishapapata, paache. Mlio una siku zake mbaya, hasa ukiwa hukulala vizuri au una mawazo, na anayeukimbiza kwa kitelezi jioni anajikuta yuko mbali sana na alipoanzia asubuhi.

Mwisho, wapo ambao hawatakiwi kuvaa chochote kabla ya kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Mlio wa sikio moja tu. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo. Usaha au damu sikioni, maumivu, kizunguzungu, uso kulegea upande mmoja. Na la haraka kuliko yote: usikivu uliopotea ghafla, ndani ya saa au siku chache. Hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Watu hukaa nyumbani wakidhani ni nta imeziba, wakati dawa za steroidi zinafaa zaidi zikianza mapema, na baada ya wiki mbili za mwanzo matumaini yanapungua sana.

Maswali yaje.

---

Mama_Pacha

Asante sana fundi, hili la kutouzima mlio sijawahi kuambiwa na mtu. Swali: mimi usiku navaa spika ndogo za masikioni, zile zisizo na waya, na sauti ya mvua mpaka asubuhi. Sauti ni ndogo. Kuna shida?

---

FundiMoldi

Dada, kwa sauti hiyo ndogo desibeli siziogopi sana. Naogopa joto na unyevu. Sikio lililozibwa usiku kucha linatoa jasho, ngozi ya ndani inalainika, fangasi na bakteria wanapata makazi. Na ukilalia upande, kifaa kinasukumwa ndani. Halafu kuna mtoto kulia, king'ora cha moshi, mtu kugonga mlango. Weka spika ya kawaida pembeni ya kitanda, au spika bapa ya chini ya mto, sauti iwe ile ile ya kuchanganyika. Masikio yapumue.

Mashine za kusikia nazo zinavuliwa usiku. Za betri ya kubadilisha, acha kimlango chake wazi ili unyevu utoke, ukiweza ziweke kwenye kile kikopo chenye dawa ya kukausha. Msikaushe kwa mashine ya nywele wala juani.

---

Mkongwe_Tu

Fundi nakuheshimu lakini hapa napinga. Mimi nauzamisha mlio kabisa, miaka sasa, na ninaishi vizuri. Nikifuata habari za kuuacha usikike nitarukwa na akili.

---

FundiMoldi

Mkuu, kama unauzamisha kwa sauti ndogo, sina neno. Kuna watu mlio wao unafunikwa na mvumo hafifu tu, na wapo wataalamu wanaokubali kuufunika kabisa, hasa mtu akizidiwa. Ninayemwogopa ni yule ambaye ili aufunike inabidi apite desibeli 80. Mara nyingi huyo usikivu wake umeshuka, kwa hiyo mvumo mwenyewe hausikii vizuri na anazidi kuupandisha. Dawa yake ni kukuziwa sauti za kawaida kwanza. Akishasikia ndege, feni na nyayo za watu, mlio mara nyingi unapungua makali kabla kitoa sauti hakijawashwa.

Wewe pima tu. Ukivua vifaa jioni, mlio unakuwa mkali zaidi kwa muda? Ukiwa navyo, watu wanalazimika kukuita mara mbili? Kama majibu yote ni hapana, endelea na maisha yako.

---

Mkongwe_Tu

La kuitwa mara mbili… mke wangu asisome huu uzi. Nitarudi kupimwa.

---

Kipanga77

Hizi mashine za kuagiza mtandaoni bila kupimwa na hizi zenu za kliniki si kitu kile kile? Naona zote zinaongeza sauti.

---

FundiMoldi

Hapana mkuu. Mashine ya kusikia inafungwa kwa kufuata odiogramu yako: inaongeza pale palipopungua, inaacha palipo pazima, na sauti kubwa ikija inaibana. Kikuza sauti cha holela kinaongeza kila kitu. Sahani ikianguka, nayo inakuzwa, na inaingia sikioni nzima nzima.

Marekani waliruhusu mashine zinazouzwa bila cheti cha daktari kuanzia Oktoba 2022, na masharti yao ni kipimo kizuri hata kwa asiyeishi huko. Ni za watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, wenye upungufu mdogo au wa wastani. Sauti ya juu kabisa isizidi desibeli 111, au 117 kwa zenye mfumo wa kuibana sauti ukiwa umewashwa. Ncha ya ndani ibaki angalau milimita 10 kutoka kwenye ngoma ya sikio. Kama karatasi ya kifaa unachotaka kununua haitaji kabisa sauti yake ya juu, kirudishe kwenye boksi. Na mtoto asivalishwe hizo hata siku moja. Mtoto anapimwa, na moldi zake, vile vipande vinavyochongwa kwa umbo la sikio, zinabadilishwa kila sikio linapokua.

---

BabaWawili

Naomba kujua kuhusu betri. Baba yangu anavaa mashine, na nina mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

---

FundiMoldi

Swali zuri kuliko yote, ndugu yangu. Nyingi ni za zinki na hewa. Zinatambulika kwa rangi ya karatasi yake: namba 10 njano, 312 kahawia, 13 rangi ya chungwa, 675 bluu. Ukibandua hiyo karatasi utaona vitundu vidogo; hewa inaingia humo na betri inaanza kufanya kazi. Iache wazi dakika moja au zaidi kabla ya kuifunga kwenye mashine, itakaa vizuri zaidi. Kurudisha karatasi baadaye hakuizimi.

Sasa usalama. Betri ya kitufe ikikwama kooni inaunguza nyama kwa umeme wake, hata kama haijapasuka. Zile kubwa za lithiamu za milimita 20 ndizo hatari kuliko zote, zinaweza kuleta jeraha baya ndani ya saa 2. Hizi za masikio zina nguvu ndogo, lakini usikae nyumbani kubahatisha ni ipi iliyomezwa. Mtoto akimeza, hospitali sasa hivi, apigwe eksirei ijulikane iko wapi. Msimtapishe. Ikiwa ameingiza puani au sikioni, msitie maji wala dawa ya matone, kwa sababu unyevu unaharakisha kuungua.

Kwa mtoto anayevaa mashine mwenyewe, omba kimlango cha betri chenye kufuli. Na angalia mzee pia. Betri hizi zinafanana na vidonge, na kuna wazee wanazimeza wakidhani ni dawa zao. Betri zisikae kabati moja na dawa.

---

BabaWawili

Duh. Mzee anaziweka kwenye kile kikopo cha vidonge cha siku saba. Naenda kuzitoa sasa hivi.

---

Sauti_ya_Mashine

Mimi niko kiwandani. Nikizima mashine zangu zikabaki masikioni, si zinaziba kama vizibo?

---

FundiMoldi

Hazizibi. Vile vikofia vya mpira vya kwenye ncha ya mashine vina matundu, na hata moldi nyingi zina njia ya hewa. Ukiziwasha ndiyo mbaya zaidi, unakuza kelele iliyokwisha kuwa kubwa. Vua, vaa kinga halisi ya masikio. Kama kazi yako inahitaji usikie maelekezo na tahadhari, mwone mtaalamu pamoja na msimamizi wa usalama, kuna kinga zinazopitisha sauti kwa kiasi.

Niongeze kitu, kwa sababu naona watu wenye mlio wanafanya kinyume: wanavaa vizibo kutwa nzima hata mahali palipo kimya, kwa kuogopa sauti. Huko ni kuufundisha ubongo kuogopa. Baada ya muda hata kijiko kikigusa kikombe kinauma. Kinga ni ya mahali pa kelele tu.

---

TegaSikio

Nina kipimo cha MRI wiki ijayo, natakiwa kuvua?

---

FundiMoldi

Vua nje ya chumba, kabla ya mlango. Mashine za kusikia, vitoa sauti, chaja, vyote vibaki nje, na mwambie mhudumu. Ndani ya ile mashine kelele inaweza kupita desibeli 100, kwa hiyo omba kinga ya masikio hata kama huna mlio. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa naye aangalie sumaku: baadhi ya vibrashi vya kusafishia na vifuko vya chaja vina sumaku, visikae mfuko wa shati. Sentimita 15 kutoka kwenye kifaa ndiyo umbali wa chini unaoshauriwa kwa jumla.

---

Dereva_Mstaarabu

Kwa wenzangu wa barabarani: mimi nikishika usukani nashusha mvumo kabisa au naweka programu ya kawaida. Honi na king'ora unavihitaji kuliko mawimbi. Vivyo hivyo ukivuka barabara kwa miguu.

---

NtaNyingi

Mashine yangu inapiga filimbi, na jana kile kikofia cha mpira kilibaki ndani ya sikio. Nimejaribu kukitoa kwa kibanio, kimeingia zaidi.

---

FundiMoldi

Acha hapo hapo, usikiguse tena. Kila jaribio linakisogeza kwenye ngoma ya sikio. Nenda kwa daktari wa masikio akitoe kwa vyombo vyake, na usivae ya upande huo mpaka ameangalia ndani.

Filimbi mara nyingi ni nta imeziba tundu la sikio au kikofia hakikutoshi, sauti inatoroka na kurudi kwenye maikrofoni. Kikofia kikiwa kinalegea, badilisha saizi. Futa mashine kwa kitambaa laini kikavu kila usiku, bila maji wala spiriti. Kichujio cha nta kibadilishwe sauti inapofifia. Pamba za vijiti hapana.

---

Kipanga77

Na dawa? Kuna mtu ananiuzia ginkgo, dawa ya mmea, kwa ajili ya mlio.

---

FundiMoldi

Mwongozo wa mwaka 2014 wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani unasema wazi wasiipendekeze ginkgo kwa mlio unaosumbua. Wanapendekeza kupimwa kwa ajili ya mashine ya kusikia kwa mwenye upungufu, na tiba ya mazungumzo ya kubadili namna unavyoupokea mlio. Tiba ya sauti wameiacha kama chaguo. Na tuwe wakweli: mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona kwamba mashine ya kusikia inashinda kitoa sauti, au kinyume chake, wanaovaa walipata nafuu kwa vyote. Anayekuambia kifaa chake kinatibu mlio anakuuzia maneno.

Tena, kuna dawa zinazoweza kuleta mlio zenyewe: kwinini, aspirini ya dozi kubwa, sindano za jamii ya jentamaisini, sisiplatini ya saratani. Ukiona mlio umeanza baada ya dawa, mwambie aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe, huenda ndiyo inayokuweka hai.

---

Mgeni_wa_Sauti

Nimefungiwa juzi. Karatasi ikikunjwa naisikia kama moto, sauti yangu mwenyewe inanirudia kama niko ndani ya pipa. Mlio umepungua kidogo mchana. Nivumilie au nirudi?

---

FundiMoldi

Ukali wa karatasi ni kawaida, sauti hizo hujazisikia muda mrefu. Anza na saa chache nyumbani, ongeza kila siku, nenda kwenye mikusanyiko baadaye. Wiki kadhaa zinatosha kwa wengi. Hiyo ya pipa usiivumilie, inarekebishika kwa kubadilisha kikofia au kupanua njia ya hewa ya moldi. Na kitu chochote kikiuma, kiwe ni sauti au ni ngozi iliyochubuka, vua siku hiyo na urudi. Ukienda, andika ni sauti gani, wapi, na programu ipi ilikuwa imewashwa. Ukimwambia tu "inapiga kelele", atapunguza kila kitu na utarudi kutosikia watu.

---

Mama_Pacha

Nimehamishia mvua kwenye spika ya pembeni. Mume ndiye analalamika sasa.

---

FundiMoldi

Spika ya chini ya mto, dada. Yeye hataisikia.